Fimbo ya Masumbuko na Sikio la Goodness

Haya ninayoandika hamtayaamini, na sitawabembeleza. Niliishia darasa la saba, lakini nililimaliza kwa kishindo, waulizeni watu wa Kihesa. Habari ni ya mpwa wangu Bertha Kalinga, nesi, mwembamba kama ufito, anayezunguka wilaya ya Kilolo kupima masikio ya watoto wanaokaribia kuanza shule. Pikipiki yake naendesha mimi. Yaani bila mimi hakuna sikio linalopimwa.

Kimashine chake kinaingia mfukoni. Kina waya wenye kipira laini, ukubwa wa punje ya hindi, kinachochomekwa sikioni. Kinagonga tik, tik, tik, halafu kinanyamaza kusikiliza. Sikio zima, huko ndani kabisa, hurudisha kasauti kake, kadogo mno hata mwenyewe hakasikii. Mashine ikikapata, inawasha taa ya kijani. Isipopata kitu, nyekundu. Mtoto haulizwi neno. Hata akilala, sikio linajibu lenyewe.

Bertha hakuifuata kazi hii kwa kupenda koti jeupe. Mdogo wake Adrian alichapwa utoto mzima kwa kutoitika. Walimu walimchapa, mama yake alimchapa, na mimi, msinitazame hivyo, nilimchapa mkanda mpaka akazimia kando ya banda la kuku. Alikuja kupimwa Mbeya ana miaka kumi na sita. Kiziwi. Siku hiyo Bertha alinizaba kofi, mimi mjomba wake, mbele ya wageni. Jino lililotoka sikulitafuta.

Sasa, mwezi uliopita tulikuwa zahanati moja ya huko juu, mvua inapiga bati. Akaingia Masumbuko, mkulima wa viazi, mzee wa kanisa asiyeonja hata pombe ya ulanzi, anamburuta binti yake wa miaka sita. Miguu ya mtoto ilikuwa na mistari, mingine imekauka, mingine bado inatoa damu.

"Kamwene, Sista."

"Kamwene, baba. Mtoto anaitwa nani?"

"Goodness."

"Anasikia?"

"Huyu? Hasikii kabisa! Unamwita mara kumi, anakuangalia tu. Ndiyo maana natembea na hii." Akainua fimbo ya mkaratusi, nene kama kidole gumba.

Benchi zima likacheka. Hasikii, si ndivyo tunavyosema wote kwa mtoto mkaidi? Bertha peke yake hakucheka. Akachomeka kipira. Kulia, nyekundu. Kushoto, nyekundu. Akachungulia kama kuna nta, akasubiri mvua ipungue, akarudia. Nyekundu.

"Baba, mtoto hasikii."

"Si nimekwambia!"

"Hasikii kwa masikio. Hajawahi kukukaidi hata siku moja."

Masumbuko akamgeukia mtoto. "Umeshamdanganya hata Sista?"

Fimbo ikamshukia mtoto. Ya kwanza begani. Ya pili shingoni, ngozi ikachanika. Ya tatu Bertha aliipokea kwa mkono wa kushoto, nikasikia mfupa ukilia. Ya nne ikampasua mdomo, damu ikatapakaa kwenye koti. Mpwa wangu hakurudi nyuma. Alimrukia Masumbuko, akamng'ata kifundo cha mkono, wakaangukia mizani ya watoto ikapinda, wakavunja kioo cha dirisha. Mwisho akamkalia kifuani, anatema damu, akamchomeka kipira sikioni.

"Tulia! Ukihema hivyo haisomi."

Tik, tik, tik. Kijani.

"Umeliambia sikio lako lijibu?"

"Hapana."

"Haya, likataze."

Masumbuko akauma meno, akafumba macho, mishipa ya shingo ikamtoka. Kijani tena.

"Umeona? La kwako linajibu hata ukilikataza. La Goodness haliwezi kujibu hata akitaka."

Bertha akainuka. Yule bwana akabaki chini palepale, anaitazama miguu ya binti yake, mstari kwa mstari.

"Fimbo zote hizi," akasema. "Zote hizi, alikuwa hajui kama namwita."

Wiki iliyofuata alimpeleka Mbeya mwenyewe, akapimwe upya na kutafutiwa vifaa vya kusikilizia. Lakini nimesahau fimbo, na fimbo ndiyo sehemu yangu. Hapo niliingia kama radi, nikamkaba Masumbuko kwa mkono mmoja, nikampokonya ile fimbo, nikaivunja vipande kumi na

"Mjomba."

Bertha huyu hapa nyuma ya kiti changu, plasta ngumu mkononi, anasoma.

"Wewe ulikuwa chini ya meza ya chanjo. Fimbo aliivunja nani?"

Sawa. Aliivunja Masumbuko mwenyewe, kwenye goti lake, huku analia. Lakini ile meza niliishika mimi, maana ilikuwa inatetemeka vibaya sana, na aliyekuwa anaitetemesha kwa kweli hakuwa

"Mjomba!"