Uvimbe Usiokuwa na Haraka

Kinyozi huyu hakuwa mtu wa maneno mengi, jambo la ajabu kwa kinyozi. Watu walimfuata kwa mkono wake mwepesi. Jina la Nusu Kichwa walimbandika mchana mmoja alipokuwa akimnyoa mwalimu wa hesabu. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, mara tumbo likamkata. Aliweka mashine mezani ikiwa bado inanguruma, akatoka mbio kwenda chooni nyuma ya duka. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu. Mwalimu amechoka kusubiri, ameondoka na shuka shingoni, nywele za upande wa kushoto zote zipo.

Mtaa mzima ulicheka. Naye alicheka, angefanyaje?

Lakini tumbo lile halikuwa la siku moja. Lilikuwa likimwendesha kwa zaidi ya mwaka, na halikuja peke yake. Kulikuwa na joto lililoanzia kifuani, likapanda shingoni, likamvaa uso mzima mpaka macho yakamwiva. Kazi yenyewe ni ya kusimama mbele ya kioo kutwa, kwa hiyo alijiona akibadilika, na wateja walimwona.

"Fundi, leo umeanza mapema!" walimtania, wakiinua mikono kama walioshika glasi.

Hakuwahi kuonja pombe maishani. Utani ukatembea mpaka nyumbani. Jioni moja mkewe alimpokea mlangoni, akamkaribia kama anayetaka kumnong'oneza jambo, akavuta pumzi. Mume akajua kinachotafutwa. Akaachama kinywa.

"Nusa vizuri, mke wangu."

Mkewe akainamisha uso. Hakumnusa tena.

Zahanati walisema amiba, akameza vidonge. Wakasema taifodi, akameza vingine. Kifua kilipoanza kubana na kupiga filimbi wakasema pumu, wakampa dawa ya kuvuta. Mmoja alimwambia ni mawazo tu, apumzike. Kila ugonjwa ulipewa dawa yake, na hakuna aliyeuliza kama tumbo, joto na kifua ni watoto wa baba mmoja.

Aliyeuliza alikuwa daktari wa hospitali kubwa, mwanamke wa makamo, siku kinyozi alipoanguka kazini na kaka yake akampeleka huko. Daktari alimwambia akusanye mkojo wa mchana na usiku kwenye galoni. Mkewe alilifunika kwa khanga, wakapita getini kama watu waliobeba mafuta ya kupikia. Wakacheka kidogo njiani. Ikafuata skani, kisha sindano ndefu ya kuchukua kinyama cha ini.

"Ni uvimbe unaoitwa kasinoidi," daktari aliwaambia. "Ni jamii ya kansa, ila hauna haraka. Huwa unaota kwenye mapafu, tumboni, hata kwenye kidole tumbo. Wako ulianzia utumbo mdogo. Unamwaga kemikali kwenye damu, na hizo ndizo zinazokuunguza uso na kukukimbiza chooni."

"Kama hauna haraka," mkewe akadaka, "basi tumewahi?"

Daktari alivua miwani. "Tungekuwa tumewahi, mama, kama ungekuwa bado utumboni tu. Umeshapanda mbegu ini zima. Na zile kemikali zimekakamaza milango ya moyo inayopitisha damu."

"Hamwezi kuukata?"

"Tutakata kipande cha utumbo usije ukaziba. Ini hatuwezi, hakuna sehemu iliyosalimika. Kuna sindano ya kila mwezi ya kutuliza. Kuponya, haiponyi."

Wodini alikolazwa kwa upasuaji huo, kitanda cha pili alilala dereva wa lori. Alipasuliwa kidole tumbo kilichomuuma ghafla, na humo wakakuta uvimbe wa jina hilohilo.

"Wangu ulikuwa kama punje ya mahindi, kaka," alisema akifunga mkoba wake, macho chini kana kwamba amemwibia mtu. "Wamesema wameutoa wote."

"Hongera, mdogo wangu," kinyozi alijibu, na aliitoa moyoni. Kisha akageukia ukuta.

Sindano ilimfaa. Kwa miezi kadhaa joto lilipungua, choo kikamwachia nafasi, akarudi dukani akanyoa vichwa vizima. Mkewe alianza hata kusema habari za kupaka duka rangi mpya. Halafu dawa ikaadimika. Mwezi huu ipo, miwili inayofuata haipo. Ilipopatikana tena, miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia, na tumbo limejaa maji. Moyo ulikuwa umechoka. Kubadilisha milango yake, daktari alisema, kulitaka mwili wenye nguvu kuliko huo.

Kaka yake hakukubali. "Tutafute hospitali nyingine."

"Tukifika huko, kaka, tuwaombe nini?" kinyozi akamuuliza. "Ini au moyo?"

 Kaka alisimama akaenda dukani, akateremsha kioo ukutani, akafunga mlango kwa kufuli.

Nyumbani mkewe alikuwa amemwekea miguu juu ya mto. Uso ukaanza kumwaka. Mke alichovya kitambaa kwenye maji, akamwekea kwenye paji, akakishikilia hapo. Joto lilishuka. Kabla kitambaa hakijakauka, likapanda tena.