Nani Anakula Hariri kwa Mama Povu?

Dada yangu ni dobi, na sisemi kwa kuwa ni dada yangu: mitaa yote ile hakuna anayejua kufua hariri kama yeye. Kufua alifundishwa na marehemu mama yetu. Kujivuna nilimfundisha mimi. Watu wanamwita Mama Povu. Uani kwake mabeseni yamepangwa ukutani kama wanafunzi watoro, jiko la mkaa halizimwi, na kamba za kuanikia zinakukwaruza shingo usipoinama. Chumba cha mbele kina benchi la wateja na meza ya pasi, na nyuma ya meza yupo shemeji yake.

Huyu ni mdogo wa marehemu mume wake. Mume alipofariki, ndugu walitaka kuuza kila kitu hadi vibanio vya nguo. Yeye akasema, "Mimi naendelea kupiga pasi. Anayeitaka meza aje aichukue ikiwa ya moto." Hakuna aliyekuja, na dada akabaki na kazi yake. Tunamwita Mstari, maana suruali aliyoinyoosha unaweza kukatia karatasi kwa mkunjo wake. Tatizo lake ni moja, haongei. Na mtu asiyeongea mimi humweka kiporo. Siku ya shida ndiye naanza naye.

Basi hariri zikaanza kuchanika.

Ilianza skafu ya mke wa daktari wa meno. Pasi ilipita juu yake, kitambaa kikaachia kama karatasi iliyolowa. Ikafuata blauzi ya mwimbaji wa kwaya, kwapani. Kisha koti la sufu la mwalimu mkuu likarudi limelika viwiko, ukilitazama kwenye mwanga unaona mtaa wa pili. Ajabu ni kwamba mashuka, mashati ya pamba na aproni za mwenye bucha hazikuguswa. Huyo mharibifu alikuwa na macho ya kuchagua.

"Shemeji, pasi yako ina moto gani siku hizi?" dada akauliza.

"Ule ule, shemeji."

"Ule ule wa jana, au ule ule wa mwaka juzi?"

"Ule ule ulionikuta nao."

Tangu hapo dada akawa anaibuka chumba cha mbele bila sababu, ameshika ndoo tupu. Akigeuza pasi na kuifuta kwa kitambaa cheupe, masizi hamna. Akinusa meza, harufu ya kuungua hamna. Kila asichokiona kilimzidishia shaka. Mwisho akaniita mimi, kama wanavyoniita watu wote wenye fumbo lililowashinda. Nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi, gazeti usoni, nimelitoboa tundu la kuchungulia.

"Shemeji," Mstari akaniambia bila kuinua kichwa, "hilo gazeti umelishika juu chini."

Nikamjibu hapo hapo. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi tazama nguoni," akasema, akaendelea na kola yake huku akipiga mluzi.

Nilimweleza dada kwamba mtu safi hapigi mluzi mfululizo namna ile. Naye alikuwa ameshaanza kuamini.

Likaja gauni la mama mkwe wa mwenye jengo, hariri ya rangi ya zambarau, na mwenyewe amekaa pale pale benchini akilisubiri. Mstari akaligusa kwa ncha ya pasi tu. Likafunguka toka bega hadi kiuno. Yule mama alipiga ukelele nikadhani ni yeye aliyechanika.

"Weka pasi chini," dada akasema. "Nenda nyumbani, shemeji. Sijui nani amekutuma, lakini nenda."

Mstari akaisimamisha pasi. Akakunja blanketi la meza pembe kwa pembe. "Kaka aliniachia kazi hii niishike na wewe," akasema. "Hakuniachia kuitwa mchanaji wa nguo." Akatoka, na wale ndugu waliotaka kuuza vibanio wakaanza kupita pita mlangoni, wanasalimia kwa sauti tamu.

Kama hariri zingeendelea kuchanika, dada hana kazi. Kama zingekoma, amepata ukweli lakini amempoteza mtu aliyesimama naye. Akashika pasi mwenyewe. Akaleta skafu nyingine, pasi ikiwa vuguvugu tu, hata mtoto ungemshikisha.

Krrr.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananitazama mimi. "Kaka, jana ulinawa mikono beseni gani?"

"Mimi?"

"Mstari hayupo. Humu tumebaki wawili, na mimi najijua."

Hebu fikiria, mpelelezi mzima nageuzwa mtuhumiwa! Nilipomaliza kuapa, akaanza kuhesabu upya kila kinachogusa hariri kabla ya kufika mezani. Maji ni yale yale. Kuloweka ni kule kule kwa mama: hariri haisuguliwi, inalazwa kwenye maji ya uvuguvugu kando ya jiko hadi asubuhi. Kilichobadilika kilikuwa kimoja, sabuni ya unga. Muuza duka alikuwa akimpimia kwa kikombe kutoka kwenye gunia, na dada aliipenda mno, kwa sababu aproni ya bucha ilitoka damu bila kusuguliwa.

Tukaenda dukani.

"Huu unga una nini ndani?" dada akauliza.

"Una vimeng'enya, mama. Ndiyo siri yake. Ukiloweka kwenye uvuguvugu vinakula doa vyenyewe."

Vimeng'enya navifahamu. Shule niliiacha njiani, lakini somo la mate na tumbo nilikuwepo: ndivyo vinavyovunjavunja chakula hadi kiwe maji. Nilianza kumfafanulia, dada akanikata.

"Vinakula madoa gani?"

"Damu, yai, maziwa, jasho."

"Vitu vya mwilini, vya wanyama."

"Hivyo hivyo."

"Na hariri inatoka wapi?"

"Dukani," akasema muuza duka.

"Inatoka kwa kiwavi," dada akasema taratibu. "Na sufu inatoka kwa kondoo."

Tuliporudi, dada alikata pindo la skafu yake mwenyewe, ambayo haikuwahi kugusa unga ule, vipande viwili. Kimoja akakilaza kwa sabuni ya kipande, cha pili kwa unga pamoja na kitambaa cha pamba, mabeseni yote kando ya jiko. Asubuhi akavuta. Kile cha sabuni ya kipande kikagoma. Pamba ikagoma. Kile cha unga kilitoka kimepauka, kikaachia kati ya vidole vyake bila hata kulalamika. Nikamkumbusha kwamba mimi sabuni nilikuwa na wasiwasi nayo tangu mwanzo. Alikuwa ameshavaa viatu kwenda kumtafuta Mstari.

Mstari tulimkuta amepewa kona ya kupigia pasi kwenye baraza ya fundi cherehani.

"Shemeji," dada akasema, "hariri zilikuwa zinafia kwangu. Kwako zilikuwa zinakuja kuzikwa tu. Rudi."

Akamaliza kola kwanza. "Na waliosikia nimefukuzwa?"

"Nitawaambia."

"Mimi nikiwepo."

Mama Povu, ambaye sijawahi kumsikia akisema samahani hata kwa ukuta aliougonga, akamfuata mke wa daktari wa meno, mwimbaji, mwalimu mkuu na yule mama wa zambarau, akasema "ni mimi" mara zote hizo, Mstari kasimama pembeni.

Amerudi. Unga sasa ni wa aproni na mashuka tu, na beseni lake limepigwa rangi nyekundu. Lakini ikija hariri, Mstari haigusi kwa pasi kabla ya kuipima. Anashika pindo kwa vidole viwili mbele ya mteja, anavuta, anasikiliza.

"Hii umeilaza na nini, shemeji?"

"Kipande."

"Kipande kipi?"

Dada anakwenda uani, anarudi na sabuni kiganjani, inachuruzika maji sakafuni. Mstari anainusa. Siku moja nilimwambia dada huu ni ujeuri, akatae. "Niache," akasema. "Mimi nilimnusia meza." Akasubiri pale, mkono umenyooshwa, hadi shemeji alipochukua pasi.