Mtaro Uliokomea Mpakani

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Mitunguu, Afisa wa Kilimo wa Tarafa hakuitazama stashahada yangu. Alivitazama viatu vyangu. "Binti, hivyo ni vya kanisani," alisema. "Udongo huku hauna Jumapili." Akanikabidhi jembe, kamba na pima maji, kile kichupa chenye kiputo kinachoonyesha kama kamba imelala sawa. Kwa vifaa hivyo nilijifunza kuchora kontua, yaani mstari unaokata mteremko bila kupanda wala kushuka. Kwenye mstari huo tulichimba fanya juu: mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, hata shamba likajijengea ngazi polepole.

Baadaye nilihamishiwa Siakago, kwenye ukame, kisha miteremko ya juu ya Embu. Huko ndiko kazi ilikonichosha kweli.

Wakati huo tulikuwa tumeacha kuwaamuru wakulima. Tuliwaomba wachague wenyewe sehemu zinazomwaga udongo mwingi zaidi mtoni, ili tuanzie huko. Katika uwanja wa kanisa walichora kilima na barabara yake kwa majivu, wakaweka magunzi mahali pa nyumba. Kila mmoja alipewa maharagwe ayaweke kwenye shamba linaloharibu mto zaidi. Lakini nani angemwekea jirani yake? Waliyamwaga barabarani. "Barabara ni ya serikali, haitanuna," mmoja alisema, watu wakacheka.

Mama Wanja, mjane aliyechota maji bondeni, hakucheka. Aliyaweka yake yote kwenye mashamba ya ndugu wawili waliolima kileleni, Njeru na Nyaga. "Msininunie, wanangu," alisema. "Kila mvua ikinyesha, mimi hulinywa shamba lenu."

Ndugu hao waliona haya, wakakubali mtaro wa kukinga maji ukatize mashamba yote mawili na kuyapeleka maji kwenye mkondo wenye nyasi. Lakini katikati ilisimama miti ya mpaka iliyopandwa na baba yao, nao walikuwa wakiugombania mpaka huo tangu wamzike mzee.

"Madam, atakayegusa miti hiyo anataka shamba langu," alisema Njeru.

"Lako tangu lini?" Nyaga akamjibu.

Mkutano ukaafikiana kwamba kila mmoja achimbe upande wake, akome mitini. Nilipinga, kwa kuwa maji yakizuiwa hujitafutia njia. Mkuu wangu, Afisa wa Mazingira wa Kaunti, alinivuta pembeni. "Mpango ni wao, madam. Ukiwakatalia, tumerudi kwenye amri." Alisema kweli, nami nilisema kweli.

Mvua za masika zilipokuja, maji yaliufuata mtaro wa Njeru hadi mitini, yakajaa, yakapasua. Asubuhi tulikuta korongo limeshuka hadi mtoni, na miti ya mzee imekwenda nalo. Ndugu wale walisimama, huyu ng'ambo hii, huyu ng'ambo ile.

"Sasa mpaka unaonekana," alisema Nyaga. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nyaga alipanda nyasi za nepia zishike udongo, akakusanya mawe ya kuzibia. Njeru alikataa jiwe lolote liguse ukingo wake, na kizuizi kilichoshikwa upande mmoja hakihimili maji. Kila msimu nilirudi kumsihi. Wakuu walibadilika, nami nikawaeleza upya habari ile ile. Nilistaafu mapema, magoti yamekwisha, korongo likiwa wazi.

Vijana wa ugani, wanaowashauri wakulima siku hizi, huniuliza kama ningerudia amri. Hapana. Mitaro ya amri niliiona Mitunguu ikifukiwa wiki aliyohamishwa afisa. Bado ningemwaga majivu uwanjani, ningegawa maharagwe. Ila ningeutaka mkutano ukae juu ya mpaka wenyewe, miguu ya kila mtu ikiwa matopeni.

Mvua ikinyesha kileleni, bomba langu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, linalolishwa na mto ule, hutoa maji mekundu. Mimi huyaacha ndooni yatulie, nikalitazama shamba la Njeru likizama taratibu hadi chini. Yanayobaki juu huyachemsha, nikanywa.