Ramani ya Mizinga Niliyoiweka Hadharani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro, nikakuta mlango una kufuli na mbuzi wawili wamelala barazani. Ofisi ya chama chetu cha wafuga nyuki, hapa Itigi, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka yaliyo karibu na stesheni. Nilivaa sketi niliyoipiga pasi mara tatu. Nilisimama hapo mpaka saa tatu na nusu, alipofika Mwenyekiti. Nikampa shikamoo. Kabla hajaitikia akasema, "Wewe ndiye wa tovuti? Tunaitaka Ijumaa."

Ilikuwa Jumatatu, na nilikuwa sijawahi kutengeneza tovuti hata moja. Nikajibu, "Sawa, Mwenyekiti."

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa. Mimi nimeshastaafu. Nina miaka ishirini na saba, mcheke mkitaka. Niliifanya kwa miaka miwili na miezi kadhaa, sitairudia, na nikiikumbuka bado nina hasira.

Nilijifunza mwenyewe, kwenye simu, kwa video zilizokwama kila mtandao ulipopungua. Kwanza nilijifunza domeni, yaani jina la tovuti, ile anwani mtu anayoiandika ili akufikie. Hulinunui; unalikodi kwa mwaka. Kisha hosti, ambayo ni kompyuta ya watu wengine iliyo mbali, inawaka muda wote na kutunza kurasa zako. Hilo nilichelewa kulielewa. Nilidhani tovuti inakaa ndani ya laptop ya ofisi, na kwa wiki nzima niliiacha imewashwa hata nilipokwenda kula, nikihofia kwamba nikiizima tovuti nayo itazimika. Katibu wetu, mama mwalimu mstaafu, alikuwa akiipapasa akipita. "Mbona haipumziki, inaumwa?" Niliona aibu kumweleza.

Ijumaa ikapita. Nyingine nane zikapita. Kila tovuti ina kiolezo, sura iliyokwisha kutengenezwa ambayo wewe unaijaza maneno na picha. Mtu mwenye akili timamu angekijaza kwa siku mbili. Mimi rangi ya juu tu niliibadilisha mara kumi na saba.

"Binti, hiyo njano na ile ya jana zina tofauti gani?" aliuliza Katibu.

"Ya jana ilikuwa kama siagi, Mama. Natafuta ya asali."

"Ndoo ya asali iko nyuma yako. Si ugeuke uitazame!"

Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa nikiogopa. Mtu aliyesoma chuoni akikosea, husemwa kwamba amekosea. Mimi niliyejifundisha nikikosea, itasemwa kwamba sijui. Ndivyo nilivyoamini, na imani hiyo ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Zilihitajika picha za mizinga. Hapa nieleze jambo moja kwa walio mbali. Huku kwetu mtu haulizwi mizinga yake iko wapi. Ukimkuta njiani na kamba begani na bomba la moshi mkononi, unamsalimia, anakwambia anakwenda porini, basi. Mkewe anajua, mwanawe mkubwa anajua. Vichaka vya Itigi vimesongamana. Ukiingia hatua kumi huonekani tena. Huo ndio uzio pekee alio nao mfuga nyuki.

Kwa hiyo Mzee Njiku alipokubali kunipeleka kambini kwake, huko porini alikotundika mizinga, alinipa kitu kikubwa kuliko picha. Alikuwa mwanachama mkongwe kuliko wote. Tuliondoka alfajiri. Alikuwa na mizinga arobaini ya magogo, mingine iliyochongwa na baba yake, imetundikwa juu kabisa na kuwa myeusi kwa miaka. Alinionyesha mmoja mmoja, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa watoto wake.

"Piga picha," aliniambia. "Njia uisahau."

"Nimeshaisahau, mzee."

Nilikuwa namdanganya. Simu yangu ilikuwa inarekodi kila mahali tulipopita, kwa sababu mimi ni mtu wa kuweka kumbukumbu za kila kitu. Sikuwa na nia mbaya. Baada yake wanachama wengine sita walinipeleka kwao, maana Mzee Njiku alisema ninaaminika. Nilirudi na kambi saba, nikazipanga kwenye jedwali safi, kila moja na jina la mwenyewe.

Tovuti ilipofikisha mwaka, akatokea mnunuzi wa mbali aliyetaka kujua asali inatoka wapi hasa. Mwenyekiti akaniita.

"Weka ramani ya mizinga."

"Mwenyekiti, wazee hawatapenda."

"Wazee wana simu za batani. Wataionea wapi?"

"Tuweke jina la kata tu, basi."

"Mnunuzi anataka nukta ya kila kambi. Weka nukta zote." Akanitazama. "Au hujui kuziweka?"

Nilizijua. Niliziweka mchana huo huo. Alikuwa ameshanitumia pia ujumbe kwenye simu: weka nukta zote, leo. Ukurasa ule ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kutengeneza. Ukiukuza ulikuwa unafika mpaka kwenye kijia.

Nataka niseme ukweli wote. Kufunga ukurasa kwa nywila, yaani neno la siri, ili aufungue mnunuzi peke yake, ni kazi ya dakika tano. Nilijua. Nilijaribu hata, nikaona kile kisanduku cha kuombea nywila kinaharibu sura ya tovuti, nikakiondoa. Ramani ikabaki wazi kwa dunia nzima kwa sababu kisanduku kilikuwa kibaya.

Msimu wa kurina asali ulipofika, Mzee Njiku alikwenda kambini akakuta mizinga thelathini na mmoja imeshushwa na kupasuliwa kwa shoka. Hawakuirina, waliivunja. Masega yenye watoto wa nyuki yalikuwa yametupwa chini, yanaliwa na siafu. Alikuja ofisini na kipande cha gogo alichochonga baba yake, akakiweka mezani mbele ya laptop.

Ndani ya siku chache wengine wanne walirudi na habari hiyo hiyo. Wote watano walikuwa kwenye ramani. Kambi zilizo karibu na barabara, ambazo sikuwahi kuzitembelea, hazikuguswa. Wezi walizipita wakaingia ndani kabisa, moja kwa moja, kama watu walioelekezwa. Hawajakamatwa mpaka leo.

Ukaitishwa mkutano. Mwanachama mmoja alikuja na simu ya binti yake, ramani ikiwa wazi, akaipitisha mkono kwa mkono.

Mwenyekiti akasimama. "Ndugu wanachama, mambo haya ni ya kitaalamu. Tulimwachia mtaalamu. Kijana ana haraka, hakutuuliza."

"Mwenyekiti, sema vizuri," Katibu alisema.

"Nimeshasema."

Simu yangu ilikuwa mapajani, na ule ujumbe wa Mwenyekiti ulikuwa umeshafunguka. Mzee Njiku akageuka kwangu. "Binti, ni wewe uliyeweka?"

"Ni mimi, mzee."

Akatikisa kichwa, akakaa. Sikuusoma ule ujumbe. Nilijiambia ni heshima kwa mkubwa. Ulikuwa uoga. Niliogopa mtu asije akauliza kwa nini mimi, ninayejua kufunga ukurasa, sikuufunga.

Niliiondoa ramani siku hiyo hiyo. Mjue kwamba kuondoa si kufuta. Mtu aliyekwisha kuipiga picha anayo, na tovuti yenyewe huwa na nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya kila kitu, ambayo mtu anaweza kuirudisha kwa kubonyeza mara moja. Wiki mbili baadaye Mwenyekiti alikuja mezani kwangu akitabasamu.

"Wezi wameshapita. Irudishe, mnunuzi anauliza."

"Zimebaki kambi mbili hazijaibiwa, Mwenyekiti."

"Nimekwambia uirudishe."

"Siirudishi."

"Basi mpe Katibu nywila, uende nyumbani."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza chai. Nilifuta lile jedwali, nikafuta nakala rudufu zote tatu, nikafuta kumbukumbu za njia kwenye simu yangu, ndipo nikaandika nywila kwenye karatasi. Nikamwonyesha Katibu na ule ujumbe. Aliusoma taratibu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Huu ungeusoma mkutanoni."

"Najua, Mama."

"Mimi nisingekuacha peke yako."

Hayo ndiyo yanayoniuma kuliko maneno ya Mwenyekiti. Yeye nina hasira naye kila siku. Anaendelea kuitwa Mwenyekiti, anaendelea kukaa meza ya mbele. Lakini wanachama hawakumpa yeye njia za kwenda kwenye mizinga yao. Walinipa mimi.

Sasa nalima alizeti na mama yangu. Wapo wanaonifuata niwatengenezee tovuti za maduka yao; nawaelekeza, siwatengenezei. Huwauliza kwanza ni kitu gani chao hawataki mtu akione. Wengi hushangaa, wanasema wamekuja ili waonekane.

Mwezi uliopita nilikutana na Mzee Njiku mnadani, amebeba kamba mpya. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mama hajambo. Nilikuwa nimesikia kwamba mizinga tisa iliyobaki ameihamisha, peke yake, katika umri ule. Nilitaka sana kujua kama nyuki wamekubali kukaa. Nikamuuliza kama huko alikoipeleka wameingia.

Akaihamisha kamba kutoka bega hili kwenda lile.

"Mwanangu," alisema, bila ukali wowote, "wewe hilo usiniulize."