Nimetakiwa Kukiri Kwamba Nilishuka Chini ya Ziwa

Leo ni Alhamisi, na nimeahidi mbele za Mungu kuwaeleza yote bila kujipendelea. Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, naishi na mama mwambao wa Ziwa Nyasa, huku Kyela. Mama anafinyanga vyungu, kama alivyofanya bibi. Baba alikuwa mvuvi. Ziwa lilimchukua nikiwa shule ya msingi, na hatukupata mwili wa kuzika.

Tangu utoto napenda hadithi za nchi ambazo hazipo. Mwalimu wangu wa Kiswahili, mama mlokole hasa, ndiye aliyeniazima vitabu vya namna hiyo na kunitia moyo niandike vyangu. Nilimuuliza kama si dhambi kwa Mkristo kutunga viumbe ambavyo Mungu hakuviumba. Alicheka akasema, "Mungu aliyemuumba kiboko, unadhani atachukizwa na mnyama wako?" Maneno hayo niliyashika. Baadaye alihamishwa, na namba yake haipatikani tena.

Mwaka huu niliandika hadithi ya nchi iliyo chini ya ziwa. Watu wake ni vyungu, na ndani ya kila chungu mna taa. Mfalme wao ni Mfinyanzi. Vyungu vinaogopa moto, vinakataa kuchomwa, kwa hiyo vinabaki udongo mbichi na maji yanavilegeza kidogo kidogo, mpaka Mfalme mwenyewe anajigeuza chungu na kutangulia motoni. Na kila anayezama ziwani, Mfalme humpokea. Binti wa hadithi, mtoto wa mfinyanzi, anashuka huko na kumkuta baba yake akiwa na taa yake. Nilipofika hapo nililia. Kwangu ile ilikuwa sala.

Huwa nasaidia kufundisha watoto shule ya Jumapili. Siku moja mvua ilituzuia kutoka, nikawasomea. Walitulia kabisa. Wiki hiyohiyo mjukuu wa bibi mmoja jirani yetu akashikwa na homa, akawa anaweweseka akitaja taa zilizo chini ya maji. Bibi yake alipomuuliza ameziona wapi, mtoto akajibu kwamba dada wa shule ya Jumapili ndiye anayeijua njia. Ilikuwa malaria, na mtoto alipona, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Naomba mtuelewe watu wa huku. Kanisani tumesikia shuhuda nyingi za watu waliosema walipelekwa chini ya maji, wakaona miji na wafalme, kisha wakafunguliwa. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba mtu anaweza kuandika habari za huko kwa kutunga tu. Basi hadithi yangu waliipokea kama ushuhuda wa mtu ambaye bado hajatubu.

Mwinjilisti wetu alituita, mimi na mama. Si mtu mbaya. Alitupa chai, akaniambia kwa upole, "Binti, wengi wametoka huko na Bwana amewapokea. Usione aibu." Nikamwambia sikwenda popote, nimetunga. Akauliza mtu anatungaje mpaka rangi ya milango ya huko. Nikamkumbusha mifano ya Bwana Yesu. Akasema, "Bwana alitaja mpanzi na kondoo, vitu tunavyovijua. Hakutaja vyungu vinavyoongea." Nilitaka kumjibu kwamba hata miti iliongea ndani ya Biblia ilipokuwa inatafuta mfalme, lakini mama alinibana mkono. Ikaamuliwa kwamba Jumapili hii nisimame mbele nikiri, niombewe, na hadithi ichomwe, ndipo nirudi kwa watoto na kwenye kwaya. Nisipokiri, nikae nje.

Kukaa nje ningevumilia. Ninachoshindwa kuvumilia ni yanayompata mama. Vyungu vyake haviuziki. Kuna mama mmoja mchuuzi wa Mbugani aliyekuwa akichukua mzigo mzima. Safari hii alivigeuzageuza, akavirudisha chini, akasema, "Hivi visije vikanisemesha jikoni." Wenzake wakacheka. Hajarudi. Wengine wanatuuliza udongo tunautoa wapi, na wanajua kabisa tunachimba palepale wanapochimba wote.

Jana tulikuwa tunapanga vyungu vya kuchoma, tunavifunika nyasi. Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe sema ulikwenda. Ni maneno tu. Yataisha, tutauza."

Nikamjibu, "Mama, nikisema nilikwenda, watataka niseme pia kwamba yule Mfalme ni shetani. Na baba nimemwandika yuko kwake."

Mama aliendelea kuweka nyasi. Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Huko ulikomwona, bado alikuwa anakohoa?"

Baba alikuwa na kikohozi kisichoisha. Usiku mama alikuwa akiamka kumpashia maji. Nilisimama na nyasi mkononi. Mwisho nikasema, "Hapana, mama. Hakohoi."

Akasema, "Ndaga," yaani asante kwa lugha ya kwetu, akawasha moto.

Tangu hapo sijui kama nilimsimulia au nilimdanganya. Nilidhani nyumbani angalau yupo mmoja anayejua kwamba nilitunga. Sasa nikikana, nakata riziki yake, na lile jibu moja nililompa namnyang'anya. Nikikiri, nampeleka baba kwa shetani mbele ya kanisa zima, na mama amekaa benchi la mbele anasikia. Nimeomba sana. Sijaona mlango wa tatu.

Simu hii ni ya binamu yangu, ataniazima tena Jumamosi jioni nisome mtakachoandika. Naamini kati yenu nyote hakosekani mwenye neno. Mnijibu kabla ya ibada: nikisimama pale mbele, niseme nini ambacho mama ataweza kukisikiliza mpaka mwisho?