Shukrani ya Jioni Vyungu Vilipopasuka

Sisi tuliokulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa enzi za Mdachi tulilelewa na maji na mchanga. Wenzangu wa rika hilo mtakumbuka: tulicheza kokoto, tukaogelea mpaka macho yakawa mekundu, na kengele ya misheni ikilia tulikimbilia darasani huku nywele zikichuruzika. Vijana wa leo wakiguswa na manyunyu wanatafuta dawa ya mafua.

Baba alikuwa mvuvi. Mama alifinyanga vyungu, kama wanawake wengi wa Kikisi. Pale kwetu milima imeshuka hadi majini, mashamba ni haba, kwa hiyo vyungu ndivyo vilivyotulisha. Tulivipakia kwenye mtumbwi, mama akavipeleka kwa Wanyakyusa wa upande wa Ipinda. Mnunuzi alijaza chungu ulezi au maharage, akatumiminia kwenye kikapu, chungu kikawa chake.

Wazazi wetu walikuwa wamebatizwa karibuni, na mama hakutaka Ukristo wa Jumapili tu. Kabla ya kula, kila mtu alitaja kitu kimoja cha siku ile, kisha akasema "ndaga", yaani asante. Kurudia cha jana ilikuwa marufuku.

"Kwani leo Mungu alilala?" alituuliza.

Basi tulishukuru kwa embe, kwa upepo, hata kwa funza aliyetoka kidoleni.

Mwaka mmoja, Jumapili ya mavuno ilipokaribia, mama alikuwa na vyungu vya kazi ya majuma mengi. Alivipanga, akavifunika kwa kuni na nyasi, akawasha. Moto ulipokolea, wingu likateremka kutoka milimani bila hata kunguruma. Mvua ikavipiga vyungu vikiwa vya moto, tukavisikia vikipasuka kimoja kimoja. Baba alikuja mbio na mkeka, akasimama nao tu, hakuna cha kufunika. Mvua ilipokatika, vilibaki viwili, na kimoja kilikuwa kimepinda mdomo.

Jioni tulikaa mbele ya ugali wa muhogo, uliopikwa katika chungu chetu cha zamani, na usipa wachache, dagaa wa ziwa letu. Siku zote mama ndiye aliyeanza. Siku hiyo hakuanza; alichokonoa udongo kwenye kucha zake.

Baba akasema taratibu, "Mama Subila, leo tule tu. Mungu anaelewa."

Subila ndiye mimi. Nikasogea karibu na ugali nianze kula. Lakini mdogo wangu Tusekile, kitinda mimba wetu, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mimi ninacho," akasema. "Ndaga kwa chungu hiki cheusi kibaya. Kingekuwa kizuri kingeuzwa, na leo tusingekuwa na cha kupikia."

Baba alianza kucheka. Kisha mama, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikuweza kujua alikuwa bado anacheka au sasa analia. Alipotulia akasema, "Ile mvua siishukuru, nisije nikamdanganya Mungu. Lakini hakuna aliyeungua, na mikono ninayo. Ndaga."

Jumapili alibeba kanisani kile chungu kilichonyooka. Jirani akamvuta pembeni. "Unatoa hicho, na watoto watakula nini?"

"Kilichopinda kitatutosha sisi," mama akajibu. "Kizuri ni cha shukrani." Akaingia akiimba.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Tulikula samaki wa baba, na ndizi za mwanamke mmoja wa Ipinda, mteja wa mama wa siku nyingi, mpaka vyungu vingine vikachomwa salama. Muujiza haukutokea. Tulikonda, hatukufa.

Siku hizi wajukuu wangu husubiri harusi au kufaulu mtihani ndipo waandae ibada ya shukrani, na kwaya ialikwe. Mezani wanasali mbio, mmoja keshashika tonge kabla ya amina. Siwalaumu. Wanashiba, nami nafurahi kwamba wanashiba. Ila kicheko kile, cha nyumba nzima isiyojua kesho itakula nini, sijakisikia tena tangu wazazi wangu walipoondoka.