Kifuko cha Sufu cha Altimita

Afadhali niseme mwenyewe kabla wifi yangu hajaitangaza aibu yangu mtaa mzima wa Muyeye. Mwanangu Salim ni rubani nchi za theluji. Siku moja aliniambia, "Mama, baridi ikizidi, altimita, kile kifaa cha kupimia kimo cha ndege, hutudanganya. Hutuonyesha tuko juu, kumbe tuko chini."

Usingizi ukanipaa. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikakaa barazani jasho likinitiririka, nikakifumia kifaa hicho kifuko cha sufu kisipate baridi, nikamtumia Salim kifuko hicho.

Juzi Salim akapiga simu ya video. "Shikamoo, mama. Kifaa hakiugui baridi. Hewa ya nje ndiyo hujibana, nasi huongeza kimo kwa hesabu."

"Marahaba. Na kifuko?"

Akageuza simu. Marubani wenzake walinipungia mikono, mezani birika la chai limevaa kifuko changu.